Dakika Moja ya Darasa la Pili

Pale chuoni kwetu ukisema unasoma Elimu, watu wanakuangalia mara mbili. Ukiongeza kwamba ni elimu ya awali na msingi, hapo ndipo vicheko vinapoanza. Wapo wanaoamini kwamba tunasomea kuimba a-e-i-o-u kwa miaka mitatu huku bumu tunapewa sawa na wao. Mimi nimeacha kubishana nao hosteli, maana usiku wa manane anayeshinda ni mwenye sauti kubwa. Naandika hapa badala yake, kuhusu kazi ambayo kwa nje inaonekana nyepesi kuliko zote tulizopewa tangu tuingie chuo: kumkalisha mtoto wa Darasa la Pili mbele yako, kumsikiliza akisoma kwa dakika moja, halafu kuandika namba.

Kazi hiyo inaitwa upimaji wa stadi za awali za kusoma. Walimu wengi wanaijua kwa herufi nne, EGRA, ambazo siku hizi utazisikia hata kwenye ofisi ya kata. Ilibuniwa katikati ya miaka ya 2000 na shirika la RTI la Marekani kwa fedha za USAID, na imeshatumika katika nchi nyingi na lugha nyingi. Jambo la kuelewa ni kwamba haitafsiriwi. Huwezi kuchukua karatasi ya Kiingereza ukaigeuza Kiswahili, kwa sababu kila lugha ina herufi zake zinazojirudia sana, silabi zake na hadithi zake. Inaundwa upya. Hapa kwetu upimaji wa namna hii ulifanyika kitaifa kwa Darasa la Pili mwaka 2013, na baadaye kikawekwa kiwango ambacho mtoto wa darasa hilo anatarajiwa kukifikia: maneno 50 sahihi kwa dakika. Mwaka 2015 mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ukaelekezwa kwenye KKK, na Baraza la Mitihani nalo lina upimaji wake wa KKK kwa Darasa la Pili. Nje ya serikali wapo Uwezo, ambao tangu 2010 wamekuwa wakiwafuata watoto nyumbani kwao, bila saa ya kuhesabu sekunde, kuangalia nani anaishia kwenye silabi na nani anafika kwenye hadithi.

Sisi tulikuwa sita, mwaka wa pili, tukiwa BTP mkoani Mara chini ya mhadhiri mmoja ambaye tulimwita Dokta tu. Shule naiacha bila jina. Ilikuwa na Darasa la Pili moja, mwalimu mmoja, na watoto tisini na kitu. Mimi ni mzaliwa wa mkoa huohuo. Shikilieni jambo hilo, litakuja kuwa na maana huko mbele.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Karatasi ya mtoto iliyofunikwa kwa plastiki, fomu ya mpimaji, penseli, na saa ya simu. Karatasi ina sehemu kadhaa: sauti za herufi, silabi, maneno ya kawaida, maneno ya kubuni, kisha hadithi fupi ya maneno 60 yenye maswali matano. Mwisho ni imla. Mtoto anasoma, wewe unafuata kwenye fomu yako. Akikosea neno unaweka mkwaju juu yake. Akijisahihisha mwenyewe, unazungushia duara ule mkwaju, na neno linahesabika sahihi. Akikwama kwa sekunde tatu unamwambia kwa upole aendelee na linalofuata, na lile unalipiga mkwaju. Dakika ikiisha unaweka mabano baada ya neno la mwisho alilolisoma. Akishindwa mstari wote wa kwanza unasimamisha sehemu hiyo, unamshukuru, unakwenda nyingine. Lengo ni asikae anateseka mbele ya karatasi ambayo haimjibu.

Ukisoma maelezo hayo kwenye desa unaona ni kazi ya nusu saa kuielewa. Tulifanya mazoezi siku mbili nzima na bado hatukulingana. Dokta alikuwa anasoma yeye kama mtoto, kwa makosa aliyoyapanga, sisi sita tunaweka alama, kisha tunalinganisha fomu. Mara ya kwanza, kwa msomaji huyohuyo na dakika hiyohiyo, tulitoa majibu matano tofauti. Mmoja alihesabu kosa pale msomaji aliporudia neno. Mwingine alichelewa kubonyeza saa. Hatukuruhusiwa kumgusa mtoto yeyote mpaka fomu zetu zikubaliane kwa alama tisa kati ya kumi. Wazia: sisi ambao mkeka wa matokeo ukitoka tunakwenda kulalamika kwamba mhadhiri fulani anasahihisha kwa kukadiria, tulishindwa kukubaliana juu ya maneno 60.

Kilichonitesa zaidi ni uso wangu. Ualimu umetufundisha kusifu. Mtoto akipatia tunasema "vizuri sana", darasa zima linapiga makofi yale ya pa-pa-pa. Kwenye upimaji huruhusiwi. Ukisema "vizuri" baada ya jibu sahihi, halafu ukanyamaza baada ya kosa, umeshamwambia kwamba amekosa. Na mtoto wa Darasa la Pili anasoma uso wako kabla hajasoma karatasi. Ukikunja nyusi anabadilisha jibu. Kwa hiyo unamsifu kwa kujitahidi tu, mwishoni mwa kila sehemu, awe amesoma yote au hajasoma kitu. Nilifanya mazoezi ya kutulia mbele ya kioo cha bafuni kule tulikopanga, wenzangu wakanicheka wiki nzima.

Asubuhi ya kwanza mambo yalianza vibaya, na halikuwa kosa la mtu. Hebu fikirieni watoto walichokiona. Wageni sita wamefika na gari la chuo. Wana makaratasi. Wamepewa chumba kitupu karibu na ofisi. Mwalimu anaita jina moja moja kwenye daftari la mahudhurio, mtoto anaondoka, mlango unafungwa. Kijijini kuna kitu kimoja tu kinachofanana na hicho. Kabla ya mapumziko habari zilikuwa zimeenea shule nzima: wamekuja wa sindano.

Watoto wawili walikimbilia nyumbani kupitia kwenye katani. Mmoja aliingia kwenye chumba chetu akiwa ameshika bega lake la kushoto kwa mkono wa kulia na hakuliachia mpaka alipotoka. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo ambaye sauti yake inatosha kufundishia madarasa mawili, ndiye aliyetuokoa. Alikuja akatuambia, "Wanangu, tokeni humo ndani. Kaeni nje waonekane." Tukahamisha meza chini ya miembe, umbali wa kutosha ili wasisikilizane lakini waonane. Akawaambia darasani, "Wanataka kusikia mnavyosoma, basi. Nani atawasomea?" Mikono ikapanda. Mchana ule upimaji ulikwenda kama maji. Ila ile asubuhi ilikuwa imeshaacha alama zake kwenye fomu, na nitairudia.

Sasa nizungumzie maneno ya kubuni, maana ndiyo yanayowashangaza watu. Ni maneno yasiyo na maana yoyote: dapi, sune, na mengine kama hayo. Mwalimu mmoja wa pale alituuliza kwa haki kabisa, "Kiswahili chote hiki, mmekosa maneno mpaka mtunge?" Jibu nililipata kwa kijana wa dawati la mbele. Kwenye hadithi alikuwa moto. Kidole kinatembea, sauti inapanda na kushuka, anatua kwenye nukta kama mtangazaji wa redio. Hadithi ile ilianza kama hadithi moja ya kwenye kitabu chao, sentensi mbili za mwanzo, halafu inaachana nayo. Yeye hakuachana nayo. Aliendelea na hadithi ya kitabuni mpaka mwisho, wakati mbele yake pameandikwa mambo mengine kabisa. Alikuwa ameikariri. Kwenye maneno ya kubuni, ambayo hakuna aliyewahi kumwimbisha, alisimama. Kwa "dapi" akasema "dafu". Kwa "sune" akasema "sumu". Alikuwa anaangalia herufi ya kwanza na kubahatisha neno analolijua.

Hakuwa mjinga hata kidogo. Kukariri hadithi nzima kwa kusikia wenzako wakiisoma kwa pamoja ni kichwa kizuri sana. Lakini kama tungemsikiliza kwenye kitabu chake tu tungeandika kwamba anasoma, angepanda Darasa la Tatu, na huko vitabu vinakuwa virefu kuliko kumbukumbu ya mtoto yeyote. Maneno ya kubuni yanauliza swali moja: umejua njia, au umejua nyumba? Anayejua njia anafika hata kwenye nyumba ambayo hajawahi kuiona.

Jambo lililonigusa mimi mwenyewe lilitokea siku ya pili. Ili kuhakikisha bado tunalingana, baadhi ya watoto walipimwa na watu wawili kwa pamoja: mmoja anaongoza, mwingine anakaa pembeni na kuweka alama zake kimyakimya. Mimi nilikuwa na dada mmoja wa Tanga. Mtoto wetu alikuwa mvulana mwenye meno mawili ya mbele ndiyo kwanza yanaota. Akasoma hadithi taratibu, kwa uhakika: baba arikwenda shambani, aririma mpaka jua rikawa kari. Dakika ikaisha, tukamshukuru, akaondoka mbio. Tukalinganisha. Mimi nilikuwa na maneno 38 sahihi. Mwenzangu alikuwa na 27. Maneno kumi na moja yalikuwa yamepotea kati yetu, na yote kumi na moja yalikuwa na herufi l.

Mkoani kwetu r na l hubadilishana viti. Kila mtu nchini anajua, na kila mtu ana utani wake. Mwaka wa kwanza nilisimama kwenye semina ya watu mia mbili, nikasema "kura" nikimaanisha kula, ukumbi ukaangua kicheko na mpaka leo wapo wanaoniita Tume ya Uchaguzi. Nimecheka nao. Nimejifunza kuongea polepole nikiwa mbele za watu, nalitazama kila neno kabla halijatoka. Kwa hiyo niseme wazi kwamba sikuwa mtu asiye na upande siku ile. Nilipoona ile mikwaju kumi na moja, nilijiona mimi.

Ila mwenzangu hakuwa na dharau, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema, "Kula na kura ni maneno mawili. Nikimpa alama ya neno ambalo hakulisema, namdanganya. Akifika Darasa la Saba hakuna msahihishaji atakayeuliza lafudhi yake." Tukabishana mpaka chai ikapoa.

Tukampelekea Dokta. Hakutupa jibu, alitupa kazi. Akasema mwiteni mtoto, zungumzeni naye tu, bila karatasi. Tukamwuliza nyumbani wanapika nini. "Ugari." Na baba anafanya kazi gani? "Anarima." Akitoka shule anapenda kufanya nini? "Kurara." Akacheka, tukacheka naye. Jibu likawa hapo. Kanuni ya upimaji inasema matamshi yanayotokana na lugha ya nyumbani hayahesabiwi kuwa kosa la kusoma, mradi ndivyo mtoto anavyolitamka neno hilo siku zote. Jicho lake liliona l, akili yake ikaijua, na mdomo wake ukaitoa kwa sauti iliyozoeleka kwao. Maswali yote aliyofikia aliyajibu sawasawa. Alisoma maneno 38.

Mimi nilidhani nimeshinda, mpaka tulipofungua imla yake. Sentensi ilikuwa na neno "analima". Ameandika "anarima". Kwa hiyo dada wa Tanga naye alikuwa ameona kitu, ila alikuwa amekiona mahali pasipo pake. Mtihani wa Darasa la Saba hausikilizi mtu, unasoma maandishi. Kusoma kwa mtoto yule hakukuwa na tatizo. Kilichobaki ni tahajia, na hiyo inafundishwa kwa kuandika, kwa kadi za l na r, kwa kuona maneno mara nyingi. Ukimnyima alama kumi na moja za kusoma, atawekwa kwenye kundi la watoto wanaorudishwa kwenye ba-be-bi-bo-bu, atakaa pale anapoteza wiki akifundishwa anachokijua, na tahajia yake itabaki vilevile. Tuliandika 38, na chini, kwenye nafasi ya maoni, tukaandika "imla: l/r". Maneno mawili yale yalikuwa na faida kwa mwalimu kuliko namba yenyewe.

Kuhusu hesabu nitapita haraka. Mtoto akifika neno la 34 dakika ikaisha, na amekosa matano, amesoma 29. Akimaliza hadithi yote kabla ya dakika, unamrudishia sekunde zake: maneno 57 sahihi kwa sekunde 48 ni kama 71 kwa dakika. Maswali unauliza yale tu yanayohusu sehemu aliyoifikia. Lakini tafadhali, mtu asichukue namba hizi akazilinganisha na za watoto wa Uingereza, kama nilivyomsikia mwanachuo mmoja akifanya kwa madaha. Kiswahili kinabeba mizigo mingi kwenye gari moja. "Sikumwona" ni neno moja. Kwa Kiingereza ni maneno matano. Mtoto wetu aliyesoma neno hilo ameshafanya kazi ambayo mwenzake angehesabiwa mara tano. Upande wa pili, maandishi yetu ni mepesi, herufi haimsaliti msomaji. Kila lugha ipimwe kwa mizani yake.

Sasa nirudi kwenye ile asubuhi ya sindano. Watoto sita walipimwa kabla hatujahamia miembeni. Mmoja alikuwa msichana mdogo wa umbo, sare imemzidi. Mpimaji wake alifuata taratibu zote: alimsalimia, akamwuliza habari za nyumbani, akamwonyesha mfano. Mtoto hakufungua mdomo. Herufi, sifuri. Silabi, sifuri. Maneno, sifuri. Kila sehemu ikasimamishwa kwenye mstari wa kwanza, na fomu yake ikawa safi kama imetoka dukani.

Siku ya tatu nilimkuta kwenye foleni ya uji, nikakaa karibu naye. Aliniambia, bila hata kuulizwa, kwamba mdogo wake alipochomwa sindano paja lilivimba na alilia usiku kucha. Nikaenda kwa Dokta nikaomba apimwe upya. Akakataa. Nilikasirika kweli. Alinieleza kwamba fomu ikishajazwa haiguswi. Tukianza kurudia kwa mtoto tunayemwonea huruma, itabidi turudie kwa wote waliokuwa na homa, njaa, au waliogombana na wenzao njiani, na huko hakuna mwisho. Nikamjibu kwamba sifuri ile itakwenda kwenye orodha ya mwalimu na itamfuata mtoto. Akasema, "Basi hilo ndilo la kushughulikia. Sifuri inakwambia hakusoma. Haikwambii kwa nini. Kwa nini ni kazi ya mwalimu."

Nimelifikiria sana jibu hilo na sijalipenda lote, lakini lilinionyesha mlango. Tulimweleza mwalimu wa darasa. Wiki iliyofuata, kwa utaratibu wake mwenyewe na hadithi nyingine, alikaa na yule msichana pamoja na wengine watano wa asubuhi ile kwenye mkeka nyuma ya darasa, wakati wenzao wanachora. Hakugeuka kuwa bingwa, msitarajie hadithi ya namna hiyo. Silabi alisoma karibu zote. Maneno ya kawaida alisoma kidogo kidogo, akitafuna midomo. Kwenye hadithi alikwama baada ya maneno tisa. Ila kati ya mtoto asiyejua kitu na mtoto anayejua silabi lakini bado hajaziunganisha vizuri, kuna muhula mzima wa kufundishwa. Wa kwanza unamrudisha kwenye "a". Wa pili unampa maneno.

Kilichobaki kilikuwa orodha. Siku moja uongozi wa shule ulituomba matokeo yapangwe kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho ili yabandikwe. Naelewa ombi hilo linakotoka. Sote tumekulia humo: wa kwanza anapewa daftari na kalamu, wa mwisho anapewa jina. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza kumi bora mwaka 2023, lakini mazoea hayafi kwa tangazo. Nilijiuliza yule mtoto wa 38 atakuwa wa ngapi, na kujua kwamba ni wa kumi na tisa kutamsaidia nini mwalimu wake Jumatatu asubuhi.

Aliyemaliza mjadala ni mwalimu wa darasa. Alisema kwa heshima, lakini kwa ile sauti yake, "Mkuu, hawa wote ni wangu. Nikipewa wa kwanza na wa mwisho sijui nifanye nini. Nipeni nani amekwamia wapi." Tukakaa usiku ule kwenye taa ya simu, tukapanga makundi manne: wanaokwamia silabi, wanaosoma neno moja moja, wanaosoma hadithi polepole, na wanaosoma na kuelewa. Yule kijana wa "dafu" aliingia kundi la pili, pamoja na yule msichana. Mtoto wa "kurara" aliingia la tatu. Hakuna kilichobandikwa ukutani. Kwa majuma matatu tuliyobaki pale, mwalimu aliwapanga hivyo dakika arobaini kila asubuhi, sisi tukimsaidia kundi moja moja, na tulipoondoka aliendelea kwa kumtumia kiranja wa Darasa la Sita kwa lile kundi linalojiweza.

Wenzangu mnaokwenda BTP mwaka huu, wengi wenu mtapewa madarasa ya chini hata kama hamkuyaomba, kwa sababu ndiko walimu walikopungua. Mkipewa karatasi ya kupima kusoma, kaeni nje mwonekane. Ongeeni na mtoto kabla ya kuwasha saa, mpaka masikio yenu yamzoee. Pimeni wawili wawili kila mnapoweza, na mkitofautiana msigawanye katikati, tafuteni sababu. Nafasi ya maoni iliyo chini ya fomu msiiache wazi. Na kabla hamjakabidhi namba kwa mtu yeyote, mwulizeni atazitumia kufanya nini. Kama jibu ni kubandika ukutani, zungumzeni kwanza na mwalimu wa darasa, maana yeye ndiye atakayebaki na watoto wale gari la chuo likishaondoka.